Simu ya mgeni ikikaa miezi mitatu, ni ya nani?

SWALI: Nina loji ya vyumba vinane hapa Malaba, upande wa Uganda. Wateja wangu wengi ni madereva wa malori. Miezi mitatu iliyopita mmoja alisahau simu chini ya mto na koti nyuma ya mlango. Nikapiga namba aliyoandika kitabuni, ikaita humo humo kwenye droo yangu! Baadaye ikaisha chaji. Msichana wa usafi anasema aliyeokota ndiye mwenye mali. Ni baada ya siku ngapi naweza kumpa au kuiuza? Kila mlango nimeubandika karatasi kwamba vitu vilivyosahauliwa si jukumu letu.

JIBU: Dada, hakuna siku za kuhesabu. Sheria ya jinai ya Uganda humwondolea lawama mwokotaji pale tu ambapo, wakati anakitwaa kitu, hamjui mwenyewe na ana sababu ya kuamini kwamba hawezi kupatikana. Wewe mwenyewe unamjua. Jina lake limo kitabuni, kwa mwandiko wake, pengine na namba ya kitambulisho. Msichana akiiuza, neno "nimeokota" halitamsaidia, nawe uliyempa utaulizwa.

Karatasi ya mlangoni nayo ni dhaifu. Mwaka 1949, katika kesi ya Olley dhidi ya hoteli ya Marlborough Court huko Uingereza, hoteli ilijitetea kwa tangazo kama lako lililokuwa chumbani. Mahakama ikalikataa: mgeni alishafunga mkataba mapokezi, kabla hajaliona. Sheria ya mikataba ya Uganda imetoka kwenye shina hilohilo. Lihamishie mezani, kando ya kitabu, alisome kabla hajalipa, na useme utavitunza siku ngapi kabla ya kuvipeleka polisi.

Sasa simu. Ichaji, iache imewashwa, laini usiitoe, wala usijaribu kubahatisha namba ya siri. Mtu atapiga. Hapo chunga ulimi: akiwa ni mke, usimwambie mumewe alilala wapi wala na nani. Hizo ni habari za mteja, na Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019. (Ndoa za watu usiziguse hata kama sheria isingekuwepo.) Sema tu, "Simu iko Malaba, mwambie apige namba hii." Jaribu pia madereva wenzake, hao hujuana.

Koti lipekueni watu wawili, mwandike kilichomo mifukoni. Ikitokea pasipoti au leseni, ipeleke polisi siku hiyohiyo. Simu ikikosa mwenyewe, ipeleke kituoni ukiwa na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), na usiondoke bila namba ya SD, yaani ile ya kumbukumbu kwenye kitabu cha matukio cha kituo.

Akija, mwulize kava lake ni la rangi gani kabla hujafungua droo, kisha atie sahihi. Chai ya msichana aitoe yeye.