Iron Ore au Peppercorn: Jinsi Nilivyochagua Kijivu Kizito cha Ukutani

Nilipozitazama kwa mara ya kwanza kadi za rangi mbili za kampuni ya rangi ya Sherwin-Williams, Iron Ore na Peppercorn, niliziona kama pacha. Zote ni kijivu kilichokolea kama mkaa, na nusura ninunue ile iliyotangulia kunijia mkononi. Nashukuru nilisita, kwa sababu zikishafika ukutani kila moja huwa na tabia yake.

Anza na kiwango cha kuakisi mwanga, ambacho huhesabiwa kutoka 0 kwa nyeusi tupu hadi 100 kwa nyeupe tupu. Iron Ore ina 6, Peppercorn ina 10. Pengo hilo lingekuwa si kitu kati ya rangi mbili nyeupe, lakini huku chini kwenye giza lina uzito mkubwa: jua likishatua, Iron Ore huonekana nyeusi, ilhali Peppercorn hubaki kijivu.

Nilipaka vipande viwili vya mbao, kila kimoja sentimita 60 kwa 60, mikono miwili ya rangi isiyong'aa, nikawa navihamisha kutoka ukuta mmoja hadi mwingine kwa siku 4, asubuhi, mchana na usiku. Sikujaribia ukutani moja kwa moja kwa kuwa kuta zangu zilikuwa nyeupe, na weupe unaozunguka doa la rangi nzito hulifanya lionekane zito kuliko chumba kizima kitakavyokuwa kikishapakwa. Chumbani kwangu, ambako jua haliingii moja kwa moja, Peppercorn ilielekea kwenye buluu, jambo ambalo kadi haikunidokezea hata kidogo. Nilipowasha balbu ya kelvini 2,700, yenye mwanga wa manjano, ubaridi ule ukatoweka. Iron Ore haikugeuka hivyo, bali ilizama, na pembe za chumba zikazama nayo.

Basi chumba cha kulala nikakipa Peppercorn. Iron Ore niliipeleka chumba cha kusomea, chenye dirisha kubwa, nikaipaka ukuta mmoja tu nyuma ya rafu za vitabu, na hapo kina chake ndicho nilichokitaka.

Yoyote kati ya hizo utakayoichagua, tanguliza praima (rangi ya msingi inayopakwa kwanza) ya kijivu. Mimi nilitumia nyeupe, na baada ya mkono wa pili michirizi ya rola ilikuwa bado inaonekana, ikanibidi nipake wa tatu.