Ringi za Bedford la mzee

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba kaniachia lori la zamani aina ya Bedford, nataka libebe mahindi kutoka Kibaigwa mpaka hapa Dodoma mjini. Tairi zimeandikwa 9.00-20, za tyubu, zimepasuka pasuka. Kuna jamaa ananiuzia ringi za tyubulesi (tairi zisizo na tyubu) inchi 22.5, nichukue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiogope hiyo 22.5, tairi 10R22.5 kimo chake kinakaribiana sana na hiyo yako kwahiyo hata spidomita haitadanganya sana, kazi iko kwenye ringi yenyewe, hesabu matundu ya bolti, pima tundu la kati, halafu angalia kule nyuma kwenye tairi pacha zisije zikagusana ukishapakia magunia. Tairi soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi, 2219 maana yake wiki ya 22 mwaka 2019, mpira unang'aa kumbe mzee kama mimi!

Hizo ringi za zamani zenye pete ya chuma inayoshikilia tairi sasa, toa upepo WOTE kabla hujagusa nati hata moja, na fundi pancha anayejaza upepo akiwa kaiinamia pete mkimbie, ile kitu ikiruka inaua.