Triptofani na foleni ya geti

Jamani nyie mnaoniuliza kuhusu ile dawa ya usingizi niliyokuwa nameza, kwanza si dawa ya usingizi, ni triptofani, amino asidi kama zilizomo kwenye mayai na karanga, ila imetiwa kwenye kopo na bei ikapanda. Mimi nafanya kliaringi, yaani kushughulikia karatasi za forodha za mizigo, hapa Malaba mpakani mwa Kenya na Uganda, nusu ya mwezi nakesha, usingizi ulikuwa umevurugika kabisa nikanunua kopo Kampala kwa hela ambayo mke wangu mpaka leo haijui.

Wiki mbili za kwanza hola. Kumbe nilikuwa namezea na roleksi, ile chapati ya kuviringia mayai, tena ya mayai matatu! Triptofani ikifika kwenye mlango wa ubongo inagombania kupita na amino asidi zingine kama lusini, valini na tairosini, wote mlango mmoja. Wewe fikiria foleni ya malori pale getini, lako ni moja na mbele yako kuna hamsini, utavuka saa ngapi? Mayai, nyama, maziwa, vyote vinaleta hizo zingine nyingi kuliko triptofani, yaani nilikuwa najiongezea foleni kwa pesa yangu mwenyewe.

Nikaanza kumeza na kiazi kitamu tu, mbali na chakula cha jioni. Wanga unapandisha insulini, insulini inazisukuma zile zingine ziingie kwenye misuli, njia inapungua watu. Triptofani ikishavuka, ubongo unaigeuza kwanza kuwa 5-HTP halafu serotonini, kemikali ya kupitisha ujumbe kwenye ubongo, hapo vitamini B6 inahitajika, na usiku serotonini nayo inageuzwa kuwa melatonini, homoni ya usingizi. Nilianza kusinzia mapema kidogo, basi, si muujiza. Siku niliyozidisha nilipata kichefuchefu mpaka asubuhi.

Sasa hapa msinichezee: kama unatumia vidonge vya sonona, mfano fluoksetini, usiiguse bila daktari, serotonini ikizidi unatetemeka, jasho, homa, moyo unakwenda mbio, na watu hufa. Na angalia kopo limetoka wapi, mwaka 1989 kule Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua vibaya maumivu ya misuli kwa triptofani iliyohusishwa na uchafu wa kiwandani, wengine walikufa.

Langu limebaki nusu, liko kwenye droo ya ofisi chini ya mafomu. Roleksi naila asubuhi nikitoka shifti.