Anza na magurudumu, achana na rangi!

Wewe uliyeuliza uanze na kitabu gani, utofautishe vipi kifaru na gari la deraya la kubebea askari, halafu ukasema kwa sasa unakariri rangi na umbo la kichwa, ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga wake: hapo kwenye kukariri simama kwanza. Njia hiyo nimeipita, imenila shilingi 180,000.

Nilinunua kadi za picha kwa jamaa aliyejiita mtaalamu. Kwenye kadi zake, kichwa cha duara kama bakuli lililofunikwa, rangi ya kijani na mtutu mrefu maana yake ni T-54, kifaru cha Kisovieti, na ndugu zake kama T-55. Basi, hakuna la zaidi. Nilikariri miezi sita. Kisha nikataka kumpa baba mdogo zawadi, yeye alikuwa Kagera, 1978 hadi 1979. Nilitafuta mfano wa plastiki wa Type 59, kifaru cha Kichina ambacho jeshi letu lilikuwa nacho vitani, kilichotokana na T-54A ya Wasovieti. Jamaa yuleyule akasema anao, umeshaunganishwa na kupakwa rangi. Nikautazama: bakuli lipo, kijani ipo, mtutu upo. Nikalipa.

Baba mdogo hakuangalia juu kabisa. Alipitisha kidole ubavuni, gurudumu hadi gurudumu, akasema, "Mwanangu, hiki sicho. Chetu gurudumu la mbele lilikuwa limejitenga na wenzake."

Ilikuwa T-62, kifaru kingine cha Kisovieti.

Mtu anauza kadi za kufundishia watu na hajui hilo! Kwa elimu yake, hata sufuria ukiipindua na kuipaka kijani ni T-55. Hela hakurudisha, na kadi bado anauza. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa sikiliza. T-54, T-55, Type 59 na T-62, vyote vina magurudumu matano makubwa yanayokanyaga mnyororo kila upande, ndiyo maana watu wanavichanganya. Usiishie kuhesabu, tazama mapengo. Kwenye T-54, T-55 na Type 59 pengo kubwa liko kati ya gurudumu la kwanza na la pili. Kwenye T-62 matatu ya mbele yamebanana, mapengo yako nyuma: kati ya la tatu na la nne, na kati ya la nne na la tano.

Utaambiwa tazama ule uvimbe wa kutolea moshi kwenye mtutu: T-55 uko mdomoni kabisa, T-62 umerudi nyuma. Ni kweli, lakini mtutu hubadilishwa. Israeli waliteka T-55 za Waarabu, wakazifunga mzinga wa milimita 105 wenye uvimbe katikati ya mtutu. Ukifuata mtutu umepotea, magurudumu yamebaki yaleyale. Kichwa nacho hufunikwa matawi, mifuko ya mchanga au matofali ya deraya mpaka umbo lote linapotea. Rangi ndiyo usiseme, kila nchi inapaka yake.

Magurudumu yakiwa sita kila upande, fikiria T-72 ya Wasovieti, au Vickers Mk 3 ya Kenya. Yakiwa saba, Leopard 2 ya Ujerumani au Abrams ya Marekani. Sketi za pembeni, yale mabamba yanayofunika ubavu, zikiziba juu, hesabu sehemu za chini zinazochungulia.

Leta picha uliyonayo. Ikate juu yote, ubakize minyororo na magurudumu tu, halafu uniambie pengo liko wapi.