Kwa Mnaoanza Semina ya Wamisionari na Wamongolia

Nimemaliza kusahihisha insha zenu za kwanza za muhula huu, na kwa mara nyingine nimekutana na mtawa anayepeleka Ukristo kwa watu ambao hawajawahi kuusikia. Wapendwa, tuelewane mapema.

1. Wakristo walikuwako. Sorghaghtani Beki, mama yao Möngke na Kublai, waliokuja kuwa Khan, yaani watawala wakuu wa Wamongolia, alikuwa wa kabila la Wakerait na muumini wa Kanisa la Mashariki, Ukristo ulioenea Asia. Anayeanzia mwaka 1245, Papa Innocent IV alipomtuma mtawa Giovanni da Pian del Carpine kwa Wamongolia, ameingia uwanjani kipindi cha pili.

2. Jiulizeni mwenyeji alimwona mgeni kuwa nani. Hapa someni ripoti ya mtawa William wa Rubruck polepole, kwa kuwa anaungama mwenyewe mbele ya Mfalme Louis IX wa Ufaransa. Anakiri kwamba alisikiliza wafanyabiashara akachukua magari ya ng'ombe badala ya farasi wa mizigo, na njia ya kufika kwa Sartaq, mkuu wa Kimongolia, ikamla miezi miwili, mara mbili ya muda uliohitajika. Hilo ni dogo. Kubwa ni barua. Alitangaza kila mahali kwamba yeye si balozi, anakwenda kuhubiri tu, ilhali amebeba barua ya mfalme. Na kwa Wamongolia, mwenye barua ya mfalme ni balozi, na balozi huja kutafuta amani au kusalimu amri. Sartaq hakuthubutu kuijibu, akampeleka kwa baba yake Batu. Batu naye akampeleka kwa Möngke, Khan mwenyewe. Hivyo mtu aliyetaka kukaa na kufundisha akajikuta anavuka nyika hadi Mongolia, ambako alifika Desemba 1253, akaenda barazani miguu mitupu kama Mfransisko mwema, na ncha za vidole vyake zikaganda kwa baridi. Waliobatizwa, kwa hesabu yake mwenyewe, ni sita. Maelfu mnayomwandikia mmeyatoa wapi?

3. Maelfu ni ya mtawa mwingine, Giovanni da Montecorvino, aliyeandika kutoka Khanbaliq (Beijing ya leo) Januari 1305 kwamba amebatiza watu wapatao 6,000. Ni barua ya mtu mpweke anayeomba wasaidizi; isomeni hivyo. Humo humo anasema alinunua wavulana 40, watoto wa wapagani, wa miaka 7 hadi 11, akawafundisha Kilatini na kuimba ibada, na Khan akafurahia kuwasikiliza. Insha zenu zinawaita wanafunzi waliojiunga kwa hiari yao. Zote nimezirudisha, tarehe ya kuzikusanya tena iko ubaoni.