Mlango wa sanduku la nyoka: maswali kutoka Tanga

Shikamoo mzee. Mimi ni seremala hapa Ngamiani. Kuna bwana mwenye kibali anafungua bustani ya nyoka upande wa Amboni, kanipa oda ya masanduku ya kifutu na koboko. Mimi nimezoea makabati ya vyombo. Mlango niweke juu au mbele, na mbao gani?

Marahaba, fundi. Mlango mbele, hata mwenye oda akisema juu ni rahisi. Ukifungua mfuniko wa juu, mkono na uso wako ndivyo vinavyomtangulia nyoka, na koboko hasubiri: mfuniko ukiinuka tu, naye keshapanda.

Weka vioo viwili vya milimita 6 vinavyopishana kwenye reli, kama shelfu za duka la dawa, na kufuli lake lilelile la meno. Lakini hapo ndipo wengi wanapokosea. Kwa kuwa kila kioo kina reli yake, panabaki mwanya katikati pale vinapopishana. Chukua kalamu ya wino uipenyeze. Ikipita, nyoka mwembamba naye atapita. Gandisha utepe mgumu wa plastiki kwenye ukingo wa kioo cha ndani, kisha ujaribu tena na kalamu ileile.

Mbao tumia marini bodi, ile plaiwudi inayostahimili maji, upake vanishi ndani na nje, na viungo uvizibe kwa silikoni. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, maana hewa ya bahari ya Tanga inakula misumari ya kawaida upesi sana. Masanduku uyanyanyue juu ya miguu ya chuma, mchwa wasione njia.

Sasa lililo kubwa kuliko yote, ambalo huenda mteja wako hakulitaja. Ndani ya kila sanduku tengeneza kijisanduku cha kujificha chenye mlango wa kuteleza unaovutwa kwa fimbo kutoka nje. Nyoka anapenda giza, ataingia mwenyewe. Akishaingia unavuta mlango, unafunga, ndipo unafungua sanduku kubwa kubadilisha maji na kufagia kinyesi. Nyoka huwa salama saa zote sanduku likiwa limefungwa. Watu wanaumwa wakati wa usafi na wakati wa kulisha. Kwa koboko, sanduku lisilo na kijisanduku hicho mimi nisingekubali kulipokea hata kwa bure.

Mwalimu wa biolojia, Muheza: Kifutu wa kituo chetu anaonekana ana mimba. Sanduku lake lina matundu ya hewa ambayo kidole gumba kinaingia. Yeye mwenyewe ni mnene, hawezi kupita. Kuna haja ya kubadilisha?

Ipo, mwalimu, tena leo. Kifutu hatagi, anazaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40 kwa uzao mmoja. Kuna mmoja wa asili ya Kenya aliyezaa watoto 156 katika bustani ya wanyama huko Cheki. Kila mtoto anazaliwa na meno na sumu yake, na kwa tundu la kidole gumba anapita bila kujibana. Matundu hupimwa kwa mtoto, hayapimwi kwa mama. Ziba kwa wavu wa chuma wenye macho madogo, uufunge kwa nje ili ndani pabaki laini; nyoka anayesugua pua kwenye waya anajichubua na kidonda kinaoza. Chini ya mlango wa chumba nako weka mpira usioacha mwanga kupita, na shimo la kutolea maji lifunikwe.

Mama mwenye nyumba, Chumbageni: Mpangaji wangu anafuga nyoka kwenye ndoo, kaifunika kwa sinia na jiwe juu. Anasema hana sumu. Nifanye nini?

Mama, usiingie chumbani kuhakikisha. Kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, awe na sumu au asiwe nayo. Wapigie watu wa maliasili au TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na watoto wasicheze upande huo mpaka wafike.

Tumepata kibali cha nyoka mwenye pembe wa Usambara. Tumtengenezee sanduku la taa ya joto hapa mjini Tanga?

Taa ya nini, jamani! Huyo *Atheris ceratophora* ni wa misitu ya milimani, amezoea ubaridi na unyevu. Joto la Tanga mwezi wa pili litamuua kabla ya taa. Abaki Amani, huko huko milimani Usambara, sanduku liwe refu kwenda juu na matawi ndani, mbali na dirisha la jua.

Pangani: Swila wa mate, naweza kuweka wavu mbele badala ya kioo? Kioo ni ghali.

Hapana. Anarusha sumu mita 2 na zaidi, na analenga macho. Wavu hauzuii. Weka kioo, na miwani ya kufunika macho itundikwe mlangoni, nje ya chumba. Mate yakiingia machoni, osha kwa maji safi mengi, dakika nyingi, kisha hospitali.

Na nyoka akimuuma mtu je?

Hilo hupangwa kabla nyoka hajaletwa. Nenda hospitali ya Bombo uulize kama dawa ya sumu ipo na inatibu nyoka gani, kwa sababu si kila dawa inatibu kila sumu. Kila sanduku libandikwe jina la nyoka, la Kiswahili na la kisayansi, kwenye kadi inayotoka ili aende nayo majeruhi. Asifanye kazi mtu peke yake. Akiumwa, alale, kiungo kisitikiswe, pete na saa zivuliwe. Msichanje, msifunge kamba, msiweke jiwe jeusi. Sumu ya koboko inalemaza misuli ya kupumua, kwa hiyo gari la kumpeleka lijulikane ni lipi na ufunguo wake unakaa wapi.