Maswali ya Wasomaji: Mwembe Usiochanua na Mkorosho Unaopukutisha Maua

SWALI: Nina kiwanja cha mita 20 kwa 30 hapa Kibaha, nyumba ikiwa katikati. Nyuma, upande wa bafuni, upo mwembe nilioupanda kwa kokwa miaka saba iliyopita. Umestawi na majani yake yanang'aa, lakini haujawahi kuchanua. Mbele upo mkorosho mkubwa tulioukuta, ambao kila mwaka hutoa maua mengi, kisha yakafunikwa na unga mweupe, yakageuka meusi na kupukutika. Jirani ananishauri niikate yote miwili nipande michungwa. Nifanyeje? (Msomaji, Pwani)

JIBU: Ndugu msomaji, tunakuomba uliweke shoka kando kwanza.

Mkorosho wako, kwa jinsi ulivyoueleza, una ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaowasumbua sana wakulima wa korosho kuanzia Mtwara na Lindi hadi huko kwenu. Ukungu huo hupenda majani machanga na maua, na baada ya msimu hujificha katika machipukizi yanayoota ndani ya mti, kwenye kivuli, ukisubiri maua yajayo. Kwa hiyo, kabla mti haujaanza kutoa majani mapya, ondoa machipukizi hayo pamoja na matawi makavu na yale yanayogusa ardhi, ili hewa na jua vipenye. Maua yanapoanza kutokeza, ambayo kwa kawaida ni kuanzia Juni, pulizia salfa kwa kipimo na vipindi vilivyoandikwa kwenye lebo, bila kusubiri unga uonekane, kwa sababu salfa hukinga kuliko inavyoponya. Fanya kazi hiyo alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali kwenye majani; jifunike macho, pua na mdomo, ufunike kisima, na umwarifu jirani aanue nguo zake, maana salfa huwasha macho vibaya.

Kuhusu mwembe, miaka saba si mingi kwa mti uliotokana na kokwa. Ni mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kijitawi cha mwembe mwingine, ndio huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Hata hivyo, neno lako "upande wa bafuni" ndilo lililotushtua zaidi. Mwembe huhitaji kipindi cha ukavu na ubaridi ili matawi yapumzike na kuandaa maua, na mti unaokunywa maji ya kuogea mwaka mzima huendelea tu kutoa majani. Masika yakiisha, yaelekeze maji hayo kwingine, na usiweke samadi mwaka huu. Misimu miwili ikipita bila ua, mwite fundi wa kitalu aupunguze matawi na kubebesha vikonyo (vijitawi vya kuunganishia) vya dodo au aina nyingine uipendayo juu ya machipukizi mapya. Mizizi ya miaka saba ni mtaji usiostahili kutupwa.

Michungwa hatukushauri. Wakulima wa korosho huacha takriban mita 12 kati ya mti na mti, nawe una mkorosho, mwembe na nyumba katika kiwanja kimoja. Mchungwa utakaopandwa kivulini hautakupa kitu. Ukiwa na kona inayopata jua kutwa, panda mlimao mmoja uliobebeshwa, mbali na shimo la choo.